Kadi Nambari Thelathini na Saba

“Pakiti nimeileta mimi.”

“Na nyumba ilimofunguliwa hiyo pakiti ni ya nani?”

“Nyumba si hoja, Bi Mwatumu. Hata ningeifungulia msikitini, imamu asingedai kadi.”

“Imamu hakukupikia mbaazi, Fundi. Mimi nilikupikia. Ukala sahani mbili, ya tatu ukaomba bakuli uende nayo kwako, na bakuli lenyewe sijaliona mpaka leo.”

Ukuta uliotenganisha nyumba zao ulikuwa wa kufika kifuani, urefu unaofaa sana kwa ugomvi. Upande huu alisimama Bi Mwatumu binti Dadi na mwiko mkononi. Upande ule alisimama Fundi Shekue, mshona nguo, utepe wa kupimia umening’inia shingoni kama nishani. Majirani walikuwa wameshatoka nje. Mwenye kigoda alikuja na kigoda, mwenye sufuria la kuosha alikuja kuliosha palepale, maana magomvi ya nyumba hizi mbili yalikuwa na watazamaji wa kudumu, na asiyefika aliulizwa kesho yake kama anaumwa.

“Bakuli halihusiani na kadi,” alisema Fundi Shekue.

“Linahusiana. Mtu anayekwenda na bakuli la watu atashindwaje kwenda na kadi?”

Watazamaji wakaguna kwa kuridhika. Hilo lilikuwa la Bi Mwatumu.

Kadi yenyewe ilikuwa kifuani mwake, imefungwa kwenye leso. Karatasi ngumu ya ukubwa wa kiganja, na juu yake picha ya mwanamume aliyevaa suti na kushika gongo kichwa chini, anatabasamu kama mtu aliyeahidiwa kitu. Chini, pembeni, pameandikwa 37.

Kwa karatasi hiyo, jiko la mmojawapo wa hawa wawili lingebaki na la mwenzake lingebomolewa.

*

Nchi yenyewe jina lake halitajwi bila kibali, na ofisi ya vibali kwa sasa imefungwa kwa sababu watumishi wote wamekwenda kwenye uzinduzi. Tuendelee hivyohivyo.

Miaka mitatu kabla ya ugomvi huu, Mkuu wa nchi hiyo alisafiri mbali, akapelekwa kutazama mchezo uitwao besiboli. Alisinzia tangu mwanzo mpaka mwisho, akapenda sana. Wenyeji wake wakampa zawadi tatu: gongo la mbao, kofia, na glavu moja kubwa ya ngozi.

Aliporudi, uwanja wa ndege umejaa, ngoma zinalia, Mkuu aliiinua ile glavu, akaigeuza upande huu na upande ule, kisha akauliza swali moja tu.

“Ya pili iko wapi?”

Ngoma zikanyamaza. Waliojua kwamba mchezo ule glavu huvaliwa mkono mmoja, walitazama viatu vyao. Wasiojua waliitikia kwa vichwa, kwa uchungu, kama waliofiwa. Kabla ya jua kuzama ikaundwa Tume ya Kutafuta Glavu ya Pili, yenye mwenyekiti, wajumbe kumi na wawili na magari ya kutosha. Mpaka leo Tume inaendelea na kazi. Imeshatembelea nchi nne, zote zenye fukwe nzuri, na taarifa yake ya awali inasema kwamba huko kote glavu haikuonekana, jambo ambalo ni mafanikio, kwa kuwa sasa nchi nne zimepungua katika zile za kutafutiwa.

Besiboli ikatangazwa kuwa mchezo wa taifa. Mpira ukaagizwa. Haukufika, na hadi tunapozungumza haujafika, lakini Serikali haikukaa kimya: iliunda Wizara ya Mpira Unaotarajiwa, ikaipa waziri na naibu. Ligi nayo haikusubiri. Kila Jumamosi matokeo husomwa redioni. Baraza la Mawaziri linaongoza. Wa pili hajapatikana.

Ikabaki shida moja ndogo. Wananchi walikuwa na mchezo wa taifa ambao hawajawahi kuuona. Mkuu akalitafakari hilo, akasema kwamba kama hawawezi kuuona mchezo, basi wawaone wachezaji.

Ndipo zilipozaliwa kadi.

*

Uzinduzi wa Toleo la Mwaka Huu ulifanyika wiki ileile ambayo unga ulitoweka madukani. Bi Mwatumu alikuwepo, kwa sababu yeye popote penye watu hakosi, na kwa sababu alidhani foleni ile ilikuwa ya unga.

Waziri wa Kadi alipanda jukwaani, akanywa maji, akafuta mdomo.

“Ndugu wananchi,” alisema, “mwaka jana tuliwapa kadi arobaini na nane. Mwaka huu, kwa jitihada zenu, tumewapa hamsini na nne. Hilo ni ongezeko. Niambieni, jirani yetu gani ana ongezeko la namna hii?”

Makofi.

“Mwaka huu tuna kadi za kumeta. Tuna kadi za wanagenzi, yaani mawaziri wapya, ambao bado tunawasoma. Tuna kadi zenye sahihi ya Mheshimiwa, iliyotiwa na katibu wake mwenyewe. Na kwa mara ya kwanza katika historia yetu, tuna kadi za kiraka. Ndani ya kadi hiyo, ndugu zangu, mtakuta kipande halisi cha suruali iliyovaliwa na Mheshimiwa akiwa kazini.”

Makofi marefu zaidi. Mzee mmoja akatoa leso akafuta macho.

Nyuma ya kila kadi paliandikwa rekodi ya mchezaji. Waziri wa Fedha: amepiga sifuri, amekosa sifuri, wastani bora. Waziri wa Mambo ya Nje: amekimbia mara mia mbili na sita. Waziri wa Afya, yeye, alisifiwa kwa ufundi ambao wajuzi wa besiboli huuthamini mno: vituo alivyoiba, kumi na tisa. Watu wa kata tatu walioisikia hiyo walitazamana wakasema, aa, kumbe.

Bi Mwatumu akanyoosha mkono. “Mheshimiwa, mimi nilitaka kuuliza unga.”

“Swali zuri sana, mama,” alijibu Waziri wa Kadi. “Ndani ya kila pakiti kuna kadi sita na bazoka moja. Wataalamu wetu wameipima hiyo bazoka. Ukiitafuna kwa muda unaotakiwa, hutakumbuka ulichokuwa unakitafuta.”

Bi Mwatumu alirudi nyumbani na pakiti mbili, akaitafuna ile bazoka toka adhuhuri mpaka alasiri. Haikulainika, lakini taya zilimuuma kiasi kwamba kweli alisahau mengine.

*

Wiki mbili baadaye alifika Bwana Kasembe, Mkaguzi wa Albamu wa Kata, mtu mwembamba anayetembea na rula, muhuri na kopo la rangi nyekundu. Alikunjua ramani kwenye baraza ya Bi Mwatumu, akaizuia upepo kwa vikombe vyake vya chai.

Uwanja wa taifa ungejengwa. Uwanja wa besiboli una vituo vinne, na kituo cha nne ndicho kikuu, ambako mchezaji akifika hushangiliwa. Wapimaji walikuwa wamechora mistari kule makao makuu, kwa rula ndefu na mikono iliyotulia, na kituo hicho cha nne kiliangukia hapa mtaani. Ukikisogeza kidogo kushoto kinakaa juu ya mafiga ya Bi Mwatumu. Ukikisogeza kidogo kulia kinakaa juu ya meza ya kukatia nguo ya Fundi Shekue, na nyuma ya meza ndipo lilipo jiko lake.

“Sasa, Serikali haimwonei mtu,” alisema Bwana Kasembe. “Nyumba yenye albamu kamili, kadi zote hamsini na nne, itahesabiwa kuwa ni Familia ya Wanamichezo. Hiyo haiguswi. Itaguswa ya pili.”

“Na zote mbili zikiwa kamili?” aliuliza Fundi Shekue.

“Haijawahi kutokea.”

“Na zote mbili zikipungua?”

“Hapo tunabomoa zote, tukichagua moja tutaambiwa tuna upendeleo.”

Akachovya brashi, akachora alama ya X kwenye ukuta wa huyu na X kwenye ukuta wa yule, kisha kwa penseli, katikati, akaandika: ama huyu ama yule. Akanywa chai ya vikombe vyote vilivyozuia ramani, akaaga.

Lile jiko la Bi Mwatumu halikuwa jiko la mtu mmoja. Mumewe alikuwa marehemu, mabinti zake wameolewa mbali, na kama si jiko lile angekuwa anakula na paka. Lakini mtaa ule ulikuwa na kikoa tangu enzi ambazo hakuna aliyezikumbuka: leo nyumba hii inapika na wote wanakwenda kula, kesho nyumba ile. Sheria za kikoa zilikuwa mbili. Ya kwanza, zamu hairukwi. Ya pili, kilichopikwa huliwa hapohapo. Hakuna anayebeba kitu kwenda nacho kwake. Ndiyo maana lile bakuli la mbaazi lilizungumzwa kwa miezi. Zamu ya Bi Mwatumu ndiyo iliyojaza kuliko zote, mpaka watu wakakaa kizingitini, na yeye hakulala vizuri kama siku ambayo mwiko umekwangua sufuria hadi chini.

Sasa unga ulipoadimika na pakiti zikajaa madukani, watu wa mtaa walifanya kosa ambalo wao tu wangeweza kulifanya. Waliamua kuzifungua pakiti kwa kikoa. Kila siku ya zamu nyumba moja ilete pakiti, nyumba inayopika ifungue, wote watazame. Kadi za kawaida zilikuwa nyingi, kila mtu alijaza albamu yake taratibu, na hakuna aliyejiuliza itakuwaje siku itakapotokea moja ambayo kila mmoja anaitaka.

Siku hiyo pakiti ilikuwa zamu ya Fundi Shekue. Mapishi yalikuwa zamu ya Bi Mwatumu. Watu thelathini na kitu walikuwa jikoni, mvuke umejaa, na Bi Mwatumu akaipasua pakiti kwa meno. Tano za mwanzo zilikuwa za Waziri wa Ujenzi, ambaye kila mtu alishakuwa naye wa kutosha kufunikia mitungi. Ya sita ilikuwa nambari thelathini na saba, Mheshimiwa Dakta Sengenge, Naibu Waziri wa Mpira Unaotarajiwa.

Jiko zima likanyamaza, hata chungu.

Kadi ya Dakta Sengenge ilikuwa haionekani nchi nzima. Siri yake ilijulikana na kila mtu: mawaziri walipangiwa viti kwa kadiri kadi zao zilivyo adimu, na Dakta Sengenge, aliyekuwa akikaa karibu na mlango wa choo, alizinunua zake zote kwa makasha, akazifungia nyumbani kwake. Katika miezi miwili alihamia mstari wa mbele. Hii moja ilimponyoka.

Albamu ya Bi Mwatumu ilikuwa na kadi hamsini na tatu. Ya Fundi Shekue ilikuwa na hamsini na tatu. Kila moja ilipungukiwa na mtu yuleyule.

*

Ugomvi wa ukutani ulidumu siku tatu. Siku ya nne, saa saba mchana, wakiwa wamefika tena kwenye bakuli, redio ya jirani ikapiga ngoma za taarifa maalumu.

Mtangazaji alisema kwamba Mkuu ametengua uteuzi wa Dakta Sengenge kuanzia alfajiri ya siku hiyo. Katika kikao cha Baraza, wakati Mwenyekiti wa Tume ya Glavu akiomba miaka mitatu mingine, Dakta Sengenge alinyoosha mkono akasema kwamba amekisoma kile kijitabu kilichokuja na glavu, na kimeandika kwamba glavu huvaliwa mkono mmoja tu. Kosa lake lilitajwa kuwa ni kusoma bila idhini. Tume ikaongezewa miaka mitano. Kadi nambari thelathini na saba ikafutwa, na atakayekutwa nayo atafungwa miezi tisa.

Bi Mwatumu akaingiza mkono kifuani polepole, akatoa leso, akaiweka juu ya ukuta.

“Fundi,” alisema, “hebu chukua kadi yako.”

Fundi Shekue akarudi nyuma hatua moja. “Yangu? Imefunguliwa kwenye nyumba ya nani?”

“Nyumba si hoja, umesema mwenyewe. Pakiti umeileta wewe.”

“Pakiti, ndiyo. Kilichomo ndani nilikijulia wapi? Mtu akinunua samaki akamkuta na pete tumboni, pete ni ya nani?”

“Ya aliyemnunua samaki.”

“Ya aliyempasua, Bi Mwatumu. Tena wewe ulipasua kwa meno. Mashahidi thelathini.”

Watazamaji, ambao siku tatu hizi walikuwa na ushahidi mwingi, ghafla walikumbuka sufuria zao. Mwenye kigoda akaondoka na kigoda. Leso ikabaki juu ya ukuta, na wenyewe wawili wakaitazama kama nyoka aliyelala.

*

Asubuhi walikwenda wote wawili ofisini kwa Bwana Kasembe, kila mmoja kwa upande wake wa barabara ili isionekane wamekwenda pamoja. Bwana Kasembe alikuwa anapaka wino mweusi juu ya nambari 37 katika orodha yake ya kadi.

“Tumekuja kuuliza,” alisema Bi Mwatumu. “Kadi ile imefutwa. Kwa hiyo albamu kamili sasa ni kadi hamsini na tatu?”

“Hapana, mama. Albamu kamili ni hamsini na nne. Hiyo ni sheria, na sheria haijabadilishwa.”

“Basi mtu aweke nini penye nafasi ya thelathini na saba?”

“Asiweke thelathini na saba. Hiyo ni kosa.”

“Aache wazi?”

“Akiacha wazi ana upungufu.”

Fundi Shekue akajikuna shingo chini ya utepe. “Bwana Mkaguzi, sisi hatukusoma sana. Kwa hiyo mwenye nayo ana kosa, na asiye nayo ana upungufu.”

“Umeelewa vizuri kuliko wengi.”

“Na kipi nafuu?”

Bwana Kasembe alifikiri kwa moyo mmoja, maana hakuwa mtu mbaya. “Kosa unafungwa wewe, nyumba inabaki. Upungufu unabaki wewe, nyumba inabomolewa. Inategemea nani kati yenu anapendwa zaidi na watu wa nyumbani.” Akavuta karatasi. “Ukaguzi ni Alhamisi.”

Wakatoka. Safari hii walitembea upande mmoja wa barabara. Walisimama kwenye ule ukuta, penye yale maandishi ya penseli, ama huyu ama yule.

“Fundi,” alisema Bi Mwatumu, “siku ile nilipoweka turubai la msiba wa mume wangu, nani alilala kwenye mkeka nje siku saba?”

“Mimi.”

“Na ulipougua homa ya matumbo?”

“Uji ulipitia hapahapa,” alisema Fundi Shekue, akaugusa ukuta. “Kila asubuhi. Ulikuwa hautii sukari.”

“Daktari alikataza sukari.”

“Najua. Nasema tu.”

Fundi Shekue akaichukua ile leso, akaifungua. Akaitazama kadi kama anavyotazama kitambaa cha mteja, kwa jicho moja. Kisha akauvua utepe shingoni, akaupima ule mstari wa kiuno cha Dakta Sengenge.

“Mwenye kadi ana kosa,” alisema. “Asiye na kitu ana upungufu. Mwenye nusu, je?”

“Kaulete mkasi,” alisema Bi Mwatumu. “Mkasi mkubwa.”

Walibishana tena kidogo, kwa mazoea, juu ya nani achukue kichwa. Bi Mwatumu akasema kwake wanakuja watu wengi na si adabu kuwaonyesha miguu. Fundi Shekue akasema yeye na suruali wamezoeana. Mkasi ukapita kiunoni bila kupinda.

*

Alhamisi Bwana Kasembe alifika na rula, muhuri na rangi. Alianza kwa Bi Mwatumu. Alifungua ukurasa wa thelathini na saba, akauinamia, akavaa miwani, akaivua.

“Hii si kadi,” alisema.

“Hapana, si kadi,” alikubali Bi Mwatumu.

“Lakini hapa si patupu.”

“Hata. Si patupu.”

Akaruka kwa Fundi Shekue. Huko alikuta suruali, viatu na tarakimu 37. Akarudi. Akaenda tena. Mwisho akakaa kizingitini kwa Bi Mwatumu, albamu mbili mapajani.

“Huyu ana mtu, hana nambari,” alisema polepole. “Yule ana nambari, hana mtu. Nikimshitaki yule, nitasema amekutwa na miguu ya nani? Na nikimshitaki huyu, orodha yangu haina uso, ina wino. Mimi huyu bwana simjui. Siruhusiwi kumjua.”

“Kunywa chai, baba,” alisema Bi Mwatumu.

Alikunywa. Hakupiga muhuri, hakupaka rangi. Akaandika barua kwenda juu. Juu wakaandika kwenda juu zaidi. Siku ya nane redio ikatangaza kwamba imeundwa Tume ya Kuchunguza Nusu, chini ya mwenyekiti yuleyule wa Tume ya Glavu kutokana na uzoefu wake wa vitu visivyo na pili yake. Tume ingeanza kwa kutembelea nchi zilizoendelea katika nusu. Mpaka itakapowasilisha taarifa, nyumba zote zenye nusu zibaki kama zilivyo, na nusu zenyewe zisihamishwe mahali zilipo hata kwa dakika moja; itakayohama, nyumba yake itabomolewa siku hiyohiyo.

Mtaa ulishangilia kama timu iliyofika kituo cha nne. Usiku uleule hapakuwa na nyumba mtaani iliyokosa mkasi wa kuazima.

*

Ilikuwa zamu ya Bi Mwatumu. Mchana, watu wamejaa mpaka uani, mihogo ya nazi imeiva na kisamvu kinanukia, pakasikika hodi ya mtu asiyezoea kupiga hodi. Alipiga mara moja, akangoja afunguliwe.

Alikuwa mwanamume wa makamo, suti ya zamani ya gharama, viatu vimekwisha upande. Suruali yake ilikuwa na matundu sita ya mraba yaliyokatwa sawasawa, mawili nyuma, manne mbele, na yeye akajaribu kuyaficha yote kwa mikono miwili.

“Samahanini,” alisema. “Nimeambiwa mtaa huu ndio uliobaki na mimi.”

Fundi Shekue, mwenye jicho la nguo, ndiye aliyeanza kuelewa. Aliutazama uso, akazitazama zile pembe za matundu.

“Hizo kadi za kiraka,” alisema taratibu. “Kumbe walikata kweli.”

“Walikata nikiwa nimeivaa,” alisema Dakta Sengenge.

Alieleza akiwa bado amesimama mlangoni. Makasha yake yote ya kadi yalichukuliwa pamoja na nyumba. Vyeti vyake vilifutwa, cha kuzaliwa pia. Alikwenda kujiandikisha kuwa mwananchi wa kawaida, dirishani wakamwambia alete karatasi yoyote yenye sura yake, na nchi nzima karatasi hiyo ilikuwa moja tu. Bila hiyo hakuandikishwa popote, hata kwenye orodha ya wanaosubiri unga. Alikuwa ametembea kata sita.

“Naiomba,” alisema. “Sitaionyesha kwa mtu mwingine. Niwape tu wale wa dirishani, wanirudishe kwenye daftari.”

Bi Mwatumu alitazama mafiga yake, chungu, watu waliobanana kwenye mikeka, mwenye kigoda juu ya kigoda chake. Akaitazama X nyekundu ukutani, iliyoanza kufifia. Kisha akainuka, akaileta albamu, akaifungua mbele ya mgeni na kuishikilia mwenyewe.

Dakta Sengenge akajitazama kuanzia kiunoni kwenda juu. Akalitazama lile tabasamu.

“Na huku chini?” aliuliza.

“Uko kwa Fundi, jirani,” alisema Bi Mwatumu. “Ukitoka hapa, hii nyumba inalala chini. Ukitoka kule, ile.”

Aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amekaa serikalini muda wa kutosha, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Akaondoa mikono kwenye suruali, matundu yote sita yakaonekana, wala hakuna aliyecheka.

“Glavu ni ya mkono mmoja, mama,” alisema. “Mimi nilisema hilo tu.”

“Tunajua, baba,” alisema Bi Mwatumu. “Mtaa mzima tunajua.”

Fundi Shekue akasimama, akatoka bila kuaga. Walimsikia akifungua kabati kwake, vyombo vikigongana. Aliporudi alikuwa na bakuli mkononi, limeoshwa, na kipande cha kitambaa cheusi begani. Akalikabidhi bakuli kwa mwenyewe bila kumtazama usoni, na kitambaa akakilinganisha na suruali ya mgeni.

“Rangi haiendani sana,” alisema, “lakini kesho nitakushonea hayo ya nyuma.”

“Sheria zetu hapa ni mbili,” Bi Mwatumu akamwambia mgeni, huku akichota mihogo kwenye lile bakuli mpaka likafurika. “Zamu hairukwi, na hakuna anayebeba kitu kwenda nacho kwake. Kutazama hatumkatazi mtu. Kichwa umeshakiona. Miguu iko kwa Fundi, na zamu yake ya kupika ni kesho, kwa hiyo itabidi urudi.” Akawatazama waliokaa mkekani. “Hebu sogeeni huko, mgeni apate pa kukaa. Vua viatu, baba, maji ya kunawa hayo hapo. Karibu ndani ule.”